Presha ya kazi kwa madereva wa delivari Dar es Salaam: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wenye maduka wanaouza kupitia Instagram na WhatsApp, wenye kampuni ndogo za delivari, wasimamizi wanaogawa mizigo asubuhi, na madereva wenyewe, wawe wa bodaboda, bajaji au kirikuu, yaani gari dogo la mizigo. Anayejibu ni mtu ambaye kazi yake ya kila siku ni kupanga safari za madereva hapa Dar. Msimamo wangu nausema mapema: sehemu kubwa ya presha ya dereva hutengenezwa kabla hajawasha pikipiki. Hutengenezwa mteja anapoahidiwa saa, mizigo inapohesabiwa, na malipo yanapopangwa. Anayetaka kuipunguza aanzie huko.

Kwani presha kidogo si ndiyo inamfanya mtu achape kazi?

Lengo ni jambo jema. Dereva anayejua leo ana mizigo kadhaa, imepangwa kwa mitaa inayofuatana, anafanya kazi ametulia na mara nyingi anamaliza mapema. Presha ninayoizungumzia hapa ni nyingine: dereva anapewa kazi ambayo, hata akifanya kila kitu sawasawa, haiwezi kuisha kwa muda aliopewa. Hapo lazima apunguze mahali. Atapunguza chakula cha mchana. Atajizuia kwenda haja. Ataingia njia ya mwendokasi, atapita upande wa kushoto wa lori, ataivuka taa nyekundu kwa sababu trafiki hayupo. Bosi hayaoni hayo, anaona mizigo yote imefika. Kesho anaongeza miwili.

Nitajuaje dereva mmoja anaweza kubeba mizigo mingapi kwa siku?

Kwa kupima. Tuchukue mfano wa dereva wa bodaboda anayeripoti saa 2 asubuhi na kutoka saa 11 jioni. Hizo ni saa 9. Toa saa 1 ya mapumziko, zinabaki dakika 480. Toa dakika 45 za kupokea mizigo Kariakoo, kuikagua na kuifunga, na dakika 30 za jioni za kukabidhi fedha na mizigo iliyorudi. Zimebaki 405. Ikiwa mzigo mmoja kwa wastani unakula dakika 12 za barabarani na dakika 8 za kumpata mteja, kukabidhi na kulipwa, ni dakika 20 kwa kila mzigo. Ukigawa unapata mizigo 20 na ushee.

Hiyo 20 ndiyo mwisho kabisa, kwa siku ambayo hakuna pancha, hakuna msafara wa viongozi, hakuna mvua na hakuna trafiki aliyemsimamisha. Siku ya namna hiyo katika jiji hili ni adimu. Mimi ningempa 16 au 17.

Namba zako zitakuwa tofauti na hizi, ila njia ya kuzipata ni hiyohiyo. Na usiishie kwenye idadi tupu. Mizigo ya Sinza, Mwenge na Kijitonyama imekaa karibu karibu, wakati ya Goba, Bunju na Chanika kila mmoja una safari yake. Mizigo 10 ya Mbagala, Kigamboni na Gongo la Mboto ni kazi kubwa kuliko 20 ya Sinza. Dereva anayepangiwa huko kila siku ataonekana mvivu kwenye daftari lako, kumbe ndiye anayeumia kuliko wenzake. Gawa mizigo kwa kanda, wazungushe madereva kwenye kanda hizo, na ukilinganisha, linganisha siku za kanda ileile.

Kuna kipimo kingine ninachokipenda kuliko vyote: vaa helmeti, panda nyuma ya pikipiki, zunguka na dereva kutwa nzima. Msimamizi ambaye hajawahi kufanya hivyo anapanga safari za mji asioujua.

Dakika 8 za kukabidhi mzigo mmoja si nyingi mno?

Mara nyingi hazitoshi. Chukua mzigo wa Masaki, ghorofa lenye geti. Dereva anafika, mlinzi anamwambia apaki ng'ambo. Anaandika jina kwenye daftari la wageni. Anampigia mteja, simu inaita hadi inakata. Anapiga tena. Mteja yuko kwenye kikao, anamtuma dada wa kazi ashuke. Dada anashuka, anataka boksi lifunguliwe aone kama feni ni nyeupe kama ya kwenye picha. Ni nyeupe. Sasa malipo: mteja anasema ameshatuma, lakini mtandao unasumbua, ujumbe hauingii, na dereva hana ruhusa ya kuondoka kabla ujumbe haujaingia. Anasimama na jua la saa 8 mchana, maboksi mengine yamefungwa nyuma yakimsubiri. Robo saa imekwisha na pikipiki haijasogea.

Hapo ndipo pa kuokoa muda, na kazi ya kuuokoa ni ya duka. Mpigie mteja kabla mzigo haujatoka, umuulize kama yupo na nani atapokea. Chukua lokesheni kwa WhatsApp, namba ya pili ya simu, na alama inayoonekana: msikiti, shule, kituo cha mafuta. Tangu Operesheni ya Anwani za Makazi ya mwaka 2022 mitaa mingi imepata majina na nyumba nyingi zina namba, kwa hiyo iulize nayo. Mteja akiweza kulipa mapema kwa lipa namba, mshawishi alipe.

Kisha weka kanuni ya kusubiri. Kwa mfano dakika 10 na simu tatu, baada ya hapo ofisi ndiyo inamwambia dereva aondoke. Uamuzi uwe wa ofisi, na safari hiyo ilipwe. Ukimwachia dereva aamue mwenyewe, ukamnyima na malipo mzigo ukirudi, atasubiri nusu saa, halafu ataifidia barabarani.

Mteja anataka mzigo ndani ya saa moja, na jirani yangu anaahidi hivyo. Nifanyeje?

Mpe muda wenye nafasi: "kati ya saa 6 na saa 8 mchana." Wateja wengi wanachotaka ni kujua wakae nyumbani saa ngapi, na ukiwatimizia hilo hawakuhami. Ahadi ya dakika inawekwa na mtu aliyekaa dukani, lakini anayeilipia ni aliye barabarani. Nchini Marekani kampuni ya Domino's ilijijengea jina kwa ahadi ya piza ndani ya dakika 30. Mwaka 1993 iliifuta, baada ya kesi za ajali zilizowahusu madereva wake na hukumu ya mamilioni ya dola. Ile ilikuwa kampuni kubwa yenye mawakili. Duka la Mtaa wa Kongo haliwezi kuubeba mzigo huo.

Kama ni lazima uwe na huduma ya haraka, itoze bei yake, iwekee eneo dogo, na umtenge dereva ambaye siku hiyo hana mizigo mingine.

Lakini dereva akikaza mwendo si anawahi?

Anawahi kidogo sana. Kilomita 10 kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa ni dakika 12, na kwa 60 ni dakika 10. Dakika mbili hizo zinaliwa na taa za Morocco au foleni ya Buguruni. Upande wa pili, umbali wa kufunga breki hadi kusimama unakua kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo kutoka 50 kwenda 60 unaongezeka kwa asilimia 44. Na kwenye makazi ya watu sheria inaishia kwenye 50.

Dereva hapokei simu zangu. Ni dharau?

Anaendesha. Dereva anayepokea simu akiwa kwenye mwendo, amebana simu ndani ya helmeti, ndiye wa kuogopwa. Nimesikia wasimamizi wakipiga mara nne mfululizo: "Dogo, umefika wapi?" "Nipo hapa Sayansi bosi, foleni." Jibu hilo halikukusaidia kitu na limemtoa dereva macho barabarani. Mtumie ujumbe, atausoma akisimama kwa mteja. Mteja akiuliza, ajibiwe na ofisi. Kuwa na mtu mmoja ofisini wa kushughulikia simu za wateja kunapunguza presha kuliko semina yoyote ya usalama.

Nilipe kwa mzigo, au nilipe mshahara?

Malipo ya kwa mzigo peke yake yanamfundisha dereva kwamba kula ni hasara, kupumzika ni hasara, na kufunga mkanda wa helmeti vizuri kunachelewesha. Mshahara peke yake nao unawakera wachapakazi wanaoona mwenzao anazembea na mwisho wa mwezi wanapata sawa. Ninachokiona kinafanya kazi ni kiwango cha siku kinachotosha mtu kuishi, na juu yake nyongeza ndogo kwa kila mzigo uliokabidhiwa, yenye kikomo. Akifika kwenye idadi mliyokubaliana kuwa ni salama, nyongeza inakoma. Kikomo hicho kinawashangaza wenye biashara wengi, lakini bila hicho bonasi inageuka mashindano ya kukimbizana kwenye lami. Mafuta yawe ya ofisi, au yahesabiwe kwa kilomita.

Muulize pia pikipiki ni ya nani. Wengi wanaendesha pikipiki ya mtu kwa hesabu ya kila siku, au wako kwenye mkataba, wanalipa kidogo kidogo hadi chombo kiwe chao. Dereva huyo ana bosi wawili. Ukimwachia saa 11 jioni, anaenda kijiweni kubeba abiria hadi usiku ili hesabu itimie, na asubuhi anakuja kwako hajalala. Huwezi kumpangia maisha, lakini malipo unayompa yanaweza kuzingatia hesabu hiyo, na unaweza kukataa kumpa safari za alfajiri.

Naruhusiwa kumkata dereva fedha mzigo ukichelewa, ukivunjika au ukipotea?

Kwa mwajiriwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inabana sana. Ili umkate kwa hasara, iwe imetokea kazini na kwa kosa lake. Umwandikie chanzo, kiasi na jinsi ulivyokipata. Umpe nafasi ya kweli ya kupinga. Usikate zaidi ya hasara yenyewe, na makato yote yasizidi robo ya ujira wake wa fedha. Ile faini ya papo hapo ya "umechelewa, elfu tano" haina nafasi humo.

Hata pasipo sheria ningeikataa. Faini ya kuchelewa inamfanya dereva akufiche. Anakabidhi mzigo kwa jirani na kusema mteja amepokea. Anaanguka pale Tabata, anajifuta damu, anaendelea, wewe hujui. Ukitaka kujua hali halisi ya barabarani, ondoa adhabu kwa anayesema ukweli mapema: "Bosi, hii ya Tegeta leo haifiki."

Tumefunga GPS na programu ya kufuatilia kila dereva. Tatizo limeisha?

Inategemea unaitazama kutafuta nini. Ukiitazama uone nani amesimama dakika saba, umeongeza presha. Ukiitazama uone kila anayepita Barabara ya Mandela saa 10 jioni anakwama, ukabadilisha mpango, umeipunguza. Programu nyingi hukadiria muda kwa mwendo wa njia tupu na haziujui mlinzi wa getini. Kama kila dereva anachelewa kwenye safari ileile, makadirio ndiyo mabovu. Madereva waambiwe wazi ni taarifa gani zinachukuliwa na nani anaziona, na kifaa kizimwe kazi ikiisha.

Sheria inasema nini kuhusu saa za kazi?

Kwa mwajiriwa wa kawaida: siku 6 kwa wiki, saa 45 kwa wiki, saa 9 kwa siku. Saa za ziada ni kwa makubaliano, hazizidi 50 ndani ya wiki nne, na zinalipwa mara moja na nusu ya ujira wa kawaida. Pamoja na za ziada, siku isizidi saa 12. Akifanya kazi saa 5 mfululizo, ana haki ya mapumziko ya dakika 60. Kati ya siku moja ya kazi na nyingine apate saa 12 za kupumzika, na kila wiki saa 24 mfululizo. Kazi ya usiku, yaani saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, ina nyongeza ya asilimia 5 kwa kila saa.

Sasa rudi kwenye ratiba yako. Dereva wa kirikuu anayepakia saa 12 asubuhi na kurudisha gari saa 3 usiku amevuka mpaka, hata kama hajalalamika.

Dereva wangu si mwajiriwa, anajitegemea. Hayo yananihusu?

Karatasi peke yake haiamui. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 inamhesabu mtu kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, likiwepo hata jambo moja kati ya kadhaa: unamwelekeza namna ya kufanya kazi, unampangia saa, ni sehemu ya shughuli zako, anakutegemea kiuchumi, unampa vitendea kazi, anakufanyia kazi wewe tu, au amekufanyia wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi ndani ya miezi mitatu iliyopita. Ukimvalisha fulana yako, ukampangia saa ya kuripoti na kumfokea akichelewa, ni vigumu kusema mnakutana tu njiani.

Kuna misimu ambayo presha inapanda zaidi?

Ipo, na inajulikana mapema, kwa hiyo kushtukizwa nayo hakuna sababu. Masika, Machi hadi Mei, Jangwani hujaa maji na barabara hufungwa, magari yote yanatafuta njia nyingine. Siku hizo punguza mizigo asubuhi, usingoje saa 9 alasiri dereva akiwa amelowa na nusu ya mizigo imerudi. Nunua makoti ya mvua na mifuko ya kuzuia maji, na umruhusu dereva kusimama mvua ikiwa kubwa bila kuomba ruhusa.

Ramadhani ina namna yake. Wanaoagiza chakula wanataka kifike kabla ya magharibi, wote kwa mpigo, na dereva mwenyewe huenda amefunga tangu alfajiri na anataka kuwahi futari kwake. Funga kupokea oda mapema, na jitahidi waliofunga wawe wamemaliza kabla ya adhana. Desemba ongeza madereva. Kuwaongezea mizigo walewale ni kutafuta ajali.

Nitamtambuaje dereva aliyezidiwa?

Anarudi na mizigo mingi aliyosema "mteja hapatikani". Anakosea vitu alivyokuwa hakosei, chenji au namba ya nyumba. Anakuwa mkali kwa wateja. Pikipiki ina mikwaruzo mipya asiyoieleza. Analala kwenye benchi dakika anayokaa.

Usiuchukulie uchovu kama uvivu. Mtu aliyekaa macho kwa saa 17, mwitikio wake unafanana na wa mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu. Anayeamka Chanika saa 10 alfajiri anafika hapo saa 3 usiku. Mwambie aende nyumbani, na siku hiyo ilipwe.

Helmeti nayo: tafiti zilizokusanywa pamoja zinaonyesha inapunguza hatari ya kifo kwa takriban asilimia 42 na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Iwe nzima, inamtosha, na mkanda umefungwa. Mnunulie wewe.

Mimi ndiye dereva. Nimwambieje bosi bila kuonekana mkorofi?

Nenda na daftari. Kwa wiki moja andika muda wa kutoka, wa kufika kwa kila mteja, wa kuondoka, na sababu ya kila ucheleweshaji. Bosi anayesikia "kazi ni nyingi" anaona lawama. Akiona kwamba kila siku unakaa zaidi ya saa moja na nusu kwenye mageti, anaona fedha zake. Zungumza asubuhi kabla ya kugawa mizigo, si jioni mmechoka wote. Nendeni wawili watatu, na mumpe pendekezo moja: "Kaka, tukipigiwa wateja kabla ya kutoka, tutaongeza mizigo bila kukimbizana."

Na ukiona hali barabarani ni mbaya, simama. Hakuna mzigo wa dukani wenye thamani ya mguu wako. Waliolazwa Taasisi ya Mifupa Muhimbili kwa ajali za bodaboda wengi ni vijana wanaotegemewa na familia zao.

Dereva amepata ajali akiwa kazini. Nianze na nini?

Hospitali kwanza, mzigo utafuatwa baadaye. Toa taarifa polisi. Kisha toa taarifa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi bila kuchelewa. Mfuko huo unachangiwa na mwajiri peke yake, na fidia inahusu matibabu, muda wa kushindwa kufanya kazi, ulemavu na kifo. Kama hujajisajili, jisajili sasa. Usitegemee bima ndogo ya chombo, maana hiyo inawalinda watu wengine barabarani, haimtibu dereva wako. Wenzake wakisikia jioni hiyohiyo kwamba unauliza saa ya mzigo kuliko hali yake, hawatasahau.

Nimekataa mizigo ya kupita kiasi, bosi ameniachisha kazi. Niende wapi?

Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, maarufu kama CMA. Lalamiko la kuachishwa kazi isivyo halali linafikishwa ndani ya siku 30 tangu kuachishwa, na migogoro mingine ya kazi ndani ya siku 60. Beba chochote kinachoonyesha ulifanya kazi pale: ujumbe wa WhatsApp wa kupangiwa safari, miamala ya malipo kwenye simu, picha ukiwa na sare, lile daftari lako. Ujumbe usiufute hata kama una matusi.